Saga Kidogo, Saga Tena

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, Muheza, mkoani Tanga

Bi Mwenyekiti, wazee wetu, viongozi wa kitongoji, akina mama na akina baba mliofika, na ninyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango: Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Naomba itifaki ihesabiwe kuwa imezingatiwa, tusije tukalimaliza jua kwa salamu.

Mlipokuwa mkiingia mmenikuta nikikaanga bizari nyembamba, pilipili manga, iliki, karafuu na vijiti vya mdalasini kwenye kikaango kikavu, bila tone la mafuta, na mmeniona nikivimwaga kwenye sinia ile pale na kuviacha. Dada mmoja ameniuliza kwa nini sivitwangi vikiwa bado vya moto, maadamu harufu yake imeshajaa ukumbi mzima. Nimemwomba asubiri, na ninyi nyote nawaomba msubiri, kwa sababu jibu la swali lake ndilo karibu kila kitu nilichokuja kukisema, na muda ambao viungo vile vinauhitaji ili vipoe unamtosha kabisa mwalimu mstaafu kuzungumza.

Barua ya mwaliko ilinitaka nieleze namna familia inavyoweza kupunguza matumizi kwa kujitengenezea vitu vya stoo nyumbani badala ya kuvinunua dukani: bizari, samli, achari, siagi ya karanga, unga na vinginevyo. Nimefundisha sayansi kimu kwa miaka mingi, na ningeweza kuwapa maneno matamu ya kwamba kila kitu kikitengenezwa nyumbani huwa cha bei nafuu kuliko cha dukani. Nisingekuwa mkweli. Chukueni samli. Maziwa ya ng'ombe yenye mafuta asilimia 4, ambayo ni maziwa mazuri, yakiwa lita 10 yana mafuta gramu 400 hivi tu, na hata ukiyakusanya yote bila kupoteza kijiko kimoja utapata samli isiyofika nusu kilo. Mwenye ng'ombe wake, ambaye maziwa ya jioni hayana mnunuzi, anapata faida. Anayenunua maziwa kwa lita ili apate samli anajitafutia hasara, isipokuwa kama ana kazi ya kuyafanyia yale maziwa yatakayobaki baada ya kutolewa mafuta. Huyo afadhali anunue siagi isiyo na chumvi, aiyeyushe kwa moto mdogo mpaka povu litulie na mashapo yaliyo chini yaanze kuingia rangi ya hudhurungi, kisha aichuje kwa kitambaa kikavu. Siagi ina mafuta asilimia 80 hivi, kwa hiyo kilo moja itampa samli isiyozidi sana gramu 800, na hesabu hiyo anaweza kuipiga kabla hata hajawasha jiko.

Kwa hiyo nimeliacha swali la bei, nitalirudia kidogo kidogo njiani, na nimechukua swali jingine: ni jambo gani ambalo nyumba inaliweza na kiwanda hakiliwezi, hata kiwe na mitambo mikubwa namna gani? Kwa maoni yangu ni jambo moja tu, nalo ni kwamba nyumba inaweza kutengeneza kidogo. Mwenye kiwanda analazimika kutengeneza kitu kitakachokaa ghalani, kisha kwenye lori, kisha kwenye rafu ya duka, pengine mwaka mzima, na mengi anayoyaongeza au kuyaondoa katika chakula anayafanya kwa ajili ya safari hiyo. Sisi safari hiyo hatuna, kwa kuwa kutoka kinuni hadi sufuriani ni hatua tano. Ajabu ni kwamba wengi wetu tunapoamua kujitengenezea vitu tunaiga kiwanda katika jambo hilo hilo tusiloweza kushindana nacho: tunasaga kilo tatu kwa mkupuo, tunajaza ndoo, tunaifunika, na tunajisifu kwamba hatutasaga tena hadi mwakani.

Nasema hivi kwa sababu kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Mwaka ule binti yangu mkubwa alipoolewa nilisaga kilo 2 za bizari ya pilau, na shughuli ikatumia nusu. Nusu iliyobaki niliitia kwenye ndoo ya plastiki nikaiweka juu ya kabati, pembeni ya jiko, mahali penye joto asubuhi na jioni. Miezi saba baadaye nikapika pilau ya sikukuu. Wageni walikula kwa adabu. Marehemu mume wangu, ambaye hakuwa na tabia ya kulaumu chakula, aliniuliza kwa upole kama bizari ilikuwa imekwisha nikaona haya kusema. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimetia mara mbili ya kipimo changu cha kawaida.

Kilichotokea ndani ya ile ndoo ni rahisi kukieleza. Harufu ya kiungo ni mafuta mepesi yanayoruka upesi. Katika karafuu mafuta hayo kwa sehemu kubwa ni kitu kinachoitwa eujenoli, na ukibonyeza karafuu nzuri kwa ukucha utayaona yakijitokeza. Maumbile yameyafungia mafuta hayo ndani ya punje, ndani ya ganda, ndani ya gome, na punje nzima ya pilipili manga ni chupa iliyozibwa vizuri kuliko chupa yoyote ya dukani. Ukiisaga umezivunja chupa zote kwa pamoja. Kuanzia dakika hiyo saa imeanza kuhesabu, na joto, mwanga na hewa vinaiharakisha. Ndiyo maana viungo vile viko kwenye sinia: vikitwangwa vikiwa vya moto, harufu inayojaa ukumbini ndiyo hiyo hiyo inayopotea chunguni, na mvuke unaobaki kwenye unga uliofungiwa chupani ukiwa na joto huufanya ushikane mabonge na hatimaye uote ukungu. Hilo, dada yangu, ni nusu ya jibu lako. Nusu ya pili naomba niiweke akiba.

Kipimo changu cha mwezi mmoja ni vijiko 8 vya chakula vya bizari nyembamba, ambayo wengine mnaiita uzile, vijiko 3 vya pilipili manga, viwili vya iliki, kimoja cha karafuu, na vijiti vitatu vya mdalasini vyenye urefu wa kidole. Kila nyumba ina kipimo chake na sina nia ya kugombana na mtu, hasa mtu wa Pemba, kuhusu karafuu. Ninachokisisitiza ni ukubwa wa chupa. Itoshe mkononi, iwe na mfuniko unaokaza, ikae kabatini mbali na jiko, na ikiisha ndipo usage nyingine. Viungo vizima unaweza kuvinunua vingi wakati wa mavuno vinapokuwa bei nafuu, kwa sababu vyenyewe vinavumilia, na hapo ndipo utakapoona punguzo la matumizi ambalo barua yenu ilinitaka nilizungumzie.

Sisi wa Muheza tuna bahati ambayo nadhani tumeizoea mno. Kule Amani na vijiji vinavyoizunguka, katika milima ya Usambara Mashariki, kunalimwa iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, na mazao hayo yanateremka kwa malori yakipita mbele ya milango yetu. Kisha mtu wa hapa hapa anakwenda dukani kununua pakiti ya unga uliosagwa mbali, asioweza kujua umesagwa lini wala umesagwa pamoja na nini. Karafuu nzima unaweza kuihoji. Itie kwenye glasi ya maji: iliyo na mafuta yake ama itazama, ama itasimama wima kichwa kikiwa juu, na ile iliyokwisha kukamuliwa mafuta hulala juu ya maji kama kijiti. Ikishasagwa huwezi tena kuihoji, nayo haina cha kukujibu.

Hili la kusagwa pamoja na nini nataka nilikalie kidogo, maana ni zito kuliko harufu. Nchini Bangladesh watafiti walifuatilia kwa nini akina mama wajawazito vijijini walikuwa na madini ya risasi kwenye damu, na moja ya njia waliyoikuta ilikuwa manjano. Wafanyabiashara walikuwa wakiyapaka rangi ya kromati ya risasi, rangi ya njano kali inayotumika viwandani, ili yang'ae na kuvutia mnunuzi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na madhara yake hayarudi nyuma. Mwaka 2019 sampuli 47 katika kila 100 za manjano yaliyopimwa sokoni zilikutwa na risasi; serikali ikawabana wauzaji, ikatangaza hatari hiyo kwa wananchi, na kufikia 2021 hazikukutwa tena. Hiyo ni habari njema. Ila kuna jambo moja ndani yake linalomhusu kila anayedhani kwamba kununua kizima kunamkinga: rangi ile haikuwa ikichanganywa kwenye unga peke yake. Ilipakwa juu ya vipande vizima vilivyokaushwa, wakati wa kuving'arisha. Mnunuzi aliyerudi nyumbani na mzizi mkavu mzuri wa njano, akautwanga mwenyewe kwa mikono yake, aliitwanga na risasi.

Kwa pilipili ya unga mambo hayakuwa mbali na hayo. Mwaka 2005 Uingereza iliondoa madukani zaidi ya aina 400 za vyakula kwa sababu shehena ya pilipili iliyosagwa, iliyotiwa rangi nyekundu isiyoruhusiwa kwenye chakula, ilikuwa imeingia kwenye mchuzi wa chupa, na mchuzi huo ukaingia kwenye vyakula vingine. Kama nchi yenye maabara zote zile ilikuja kugundua mzigo ukiwa tayari mezani, macho yangu na yako sokoni hayatatosha.

Kwa hiyo manjano yangu nayanunua mabichi, yakiwa na udongo, kutoka kwa mkulima. Nayaosha, nayachemsha kwa dakika 45 au saa nzima mpaka kijiti kipenye bila kushindana, nayakata vipande vyembamba, nayaanika juu ya wavu nikiyafunika kwa kitambaa chepesi, na siku yanapokatika kwa mlio mkavu ndipo nayatia kwenye chupa yakiwa bado vipande. Nasaga ya wiki mbili tatu. Rangi yake si kali kama ya pakiti, na mjukuu wangu aliyezoea pakiti aliniambia mchuzi wangu umepauka. Nilimwambia ndivyo manjano yalivyo.

Niingie kwenye unga, nao una pande mbili, na mwalimu anayeeleza upande mmoja tu anawadanganya wanafunzi wake. Dona ni unga wa punje nzima, pamoja na kiini, na kiini ndicho chenye mafuta. Ukisaga dona, mafuta hayo yanakutana na hewa, na baada ya wiki kadhaa unga unaanza kuwa na uchungu fulani kooni ambao watu husema ni mahindi ya zamani, kumbe ni mafuta yaliyochacha. Sembe hukaa zaidi kwa sababu kiini na pumba vimeondolewa, yaani inadumu kwa kuwa imepoteza kilichokuwa na faida. Mwenye mahindi yake nyumbani ana nafasi ya kula dona mbichi ya kutosha wiki mbili kila wakati, kwa kupeleka mashineni debe badala ya gunia.

Upande wa pili ni huu. Kanuni za nchi zinawataka wasagaji wakubwa waongeze kwenye unga madini ya chuma na zinki, foliki asidi na vitamini B12. Mashine ya mtaani kwetu kwa kawaida haina kifaa hicho. Foliki asidi humkinga mtoto aliye tumboni asizaliwe na mgongo wazi, na kinga hiyo inahitajika tangu majuma ya kwanza, kabla wanawake wengi hawajajua kama wana mimba. Kwa hiyo nyumba yenye msichana wa umri wa kuzaa inayoamua kula unga wake yenyewe na iamue siku hiyo hiyo kwamba msichana huyo atapata foliki asidi kliniki, na kwamba maharage na mboga za majani havitakosekana mezani. Sisemi muache dona. Mimi mwenyewe ninaila.

Lakini kabla ya mashine kuna mahindi yenyewe, na hapa sina mzaha. Mwaka 2004 watu 317 waliugua mashariki mwa Kenya, na 125 kati yao wakafa, kwa kula mahindi yenye sumukuvu, mengi yakiwa ya majumbani mwao, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 yakatukuta sisi, Dodoma na Manyara, na watu wapatao 20 walipoteza maisha. Sumukuvu hutokana na ukungu, na haifi kwa kupikwa. Ugali ulioiva vizuri unaweza kuwa nayo yote. Kwa hiyo neno la nyumbani halina baraka yoyote ndani yake peke yake. Mahindi yaanikwe kwenye turubai, yasiguse udongo, na yasiingie gunia kabla hayajakauka. Wataalamu wanataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na kwa kuwa hatuna kipimo cha umeme, tumieni chupa kavu ya kioo: tia mahindi kiasi cha theluthi yake pamoja na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, itikise kwa dakika moja au mbili, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Rudisha mahindi juani. Chumvi isipoganda bado anika siku moja zaidi, kwa sababu kati ya 13.5 na 15 chupa haisemi kitu.

Karanga ni hivyo hivyo, tena zaidi. Siagi ya karanga ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: unakaanga karanga, unazipeta maganda, unazitwanga au kuzisaga kwenye blenda mpaka mafuta yake yatoke yenyewe, unatia chumvi kidogo, na hutii maji hata tone. Kazi yenyewe iko kabla ya moto, kwenye ungo, ukichagua na kutupa kila karanga iliyosinyaa, iliyovunjika au iliyobadilika rangi, kwa sababu ndizo zinazobeba sumukuvu kwa wingi kuliko nyingine. Zitupwe, asipewe kuku. Mafuta yakijitenga juu ya chupa, koroga ule. Ile ya dukani haijitengi kwa sababu imeongezewa mafuta yaliyogandishwa.

Hapo naomba nipite kwenye unga wa lishe, ingawa najua nitawaudhi baadhi yenu. Nimeonyeshwa unga wenye mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, uwele, soya, karanga, ufuta na mbegu za maboga, umesagwa kilo 5 kwa mtoto mmoja wa miezi minane. Nafaka sita hazimpi mtoto mara sita ya kile inachompa nafaka moja. Zinampa wanga ule ule. Karanga zilizosagwa humo ndizo zinazoufanya unga wote uvunde mapema, na punje moja mbovu imeshaenea ndani ya kilo 5. Soya isipokaangwa au kuchemshwa vizuri kwanza huzuia mwili kuitumia protini yake. Mimi ningesaga nafaka moja, kidogo, na karanga ningezitwanga siku ya kupika na kuzitia kwenye uji, pamoja na maziwa au yai likipatikana.

Na kama mnataka kutengeneza kitu cha kumfaa mtoto ambacho dukani hakipatikani kwa urahisi, tengenezeni kimea cha ulezi. Wataalamu wa lishe nchini walikihimiza sana miaka ya 1980, kisha sisi tukakisahau. Ulezi unalowekwa usiku mmoja, unachujwa, unafunikwa kwa kitambaa chenye maji kwa siku mbili tatu mpaka uchipue, unaanikwa, unasuguliwa vimizizi vitoke, unasagwa. Pika uji mzito kabisa, mzito kama ugali mlaini, uache upoe mpaka uwe vuguvugu, koroga ndani yake kijiko kimoja cha kimea na usubiri dakika chache. Mtaona maajabu: uji unalainika wenyewe bila kuongezwa maji, na mtoto mwenye tumbo dogo anameza chakula kingi zaidi katika kijiko kile kile. Uurudishe motoni uchemke tena kidogo kabla ya kumlisha. Ila msitumie mtama kwa kazi hii kwa kuwa mmekosa ulezi, maana machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi, na asiyejua kuyaondoa yote asijaribu kwa mtoto.

Nimesema sana kidogo, kidogo, na kuna mzee pale mbele ananitazama kama anayejiuliza kuhusu achari. Ana haki. Achari ndiyo ninayowaruhusu kuitengeneza kwa mtungi. Ndimu zilizokatwa nne bila kuachana, zikashindiliwa chumvi na kuanikwa juani ndani ya chupa ya kioo wiki mbili tatu mpaka maganda yalainike, kisha zikatiwa pilipili ya kusaga, bizari na siki, huwa nzuri zaidi mwezi wa tatu kuliko wa kwanza. Chumvi na uchachu ndivyo vinavyoilinda. Adui wake ni mkono mbichi na kijiko chenye maji, na mfuniko wa chuma usiopakwa rangi, kwa sababu uchachu hula chuma. Tui liko upande wa pili kabisa: kasimile ya asubuhi, yenye mafuta na maji na utamu, jioni imeshachacha, na hakuna ujanja isipokuwa kukuna nazi ya leo kwa ajili ya leo, au kulichemsha mpaka maji yote yaishe yabaki mafuta, ambayo yenyewe hukaa. Ukitazama samli, mafuta ya nazi, bizari, mahindi na achari kwa pamoja utaona kwamba kinachodumu ni kile kilichonyang'anywa maji au kilichotiwa chumvi na uchachu wa kutosha. Kisichokuwa hivyo ni cha leo.

Na kwa kuwa nimesema kweli tangu mwanzo, nitaungama jambo moja. Kwa miaka kadhaa niliwafundisha wasichana kuweka vitunguu saumu vilivyosagwa kwenye chupa ya mafuta ya kula na kuviacha kabatini. Ni kosa. Bakteria anayeleta botulizimu, yaani ugonjwa wa sumu ya chakula unaopooza mwili, anatafuta mahali pasipo na hewa wala uchachu, na mafuta yanampa yote mawili. Chakula chenye sumu hiyo kinaweza kumpooza mtu pumzi bila kubadilika harufu wala sura. Vitunguu saumu vilivyosagwa viwekwe kwenye friji na vitumike ndani ya siku chache, na asiye na friji amenye vichwa viwili kila siku. Wale niliowafundisha sasa ni mama wa watu. Kama kuna mmoja wao hapa, naomba awaambie wenzake.

Chumvi msitengeneze. Ukanda huu wa pwani una mashamba ya chumvi na najua ipo inayouzwa kwa bei ya bure, lakini iliyotiwa madini joto ndiyo inayotukinga na rovu na inayokinga akili za watoto wetu tangu tumboni. Nunueni, mfunike vizuri, muitie kwenye chakula kinapokaribia kuiva. Sina zaidi kuhusu chumvi.

Sasa, akina baba. Tangu nimeanza mmekuwa mkitikisa vichwa kukubali, na mimi nimekuwa nikijiuliza mnakubali nini hasa. Kuna wanaume wanaopenda sana mambo haya ya kurudi kwenye vya asili, na ukiwasikiliza unagundua kwamba wao warudi kwenye kula na wake zao warudi kwenye kinu. Bibi zetu walitwanga alfajiri kabla ya kwenda shamba. Mashine ya kusaga ilipofika kijijini hawakulilia kinu, na mimi siko tayari kusimama hapa kuwaomba binti zao wakibebe tena. Nikisema sageni kidogo nina maana hiyo pia: kazi ya robo saa kila baada ya wiki mbili inaweza kufanywa na kijana wa darasa la sita, inaweza kufanywa na baba akiwa anasikiliza mpira. Kazi ya kilo 3 inamsubiri mama siku yake ya kupumzika. Nyumba ambayo kazi hii itamwangukia mtu mmoja, yule yule anayeteka maji, kufua na kupika, ni bora iendelee kununua pakiti, nami sitailaumu.

Katibu ameniuliza pia kama kikundi kinaweza kusaga bizari na kuiuza. Kinaweza, na mashine moja ndogo ya kusagia viungo mkiinunua kwa fungu la kikundi itawafaa hata kama hamtauza. Lakini siku mtakapoweka pakiti dukani mtakuwa mmeianza ile safari ya ghala na lori na rafu, na yote niliyoyasema kuhusu kiwanda yatawahusu ninyi. Mtahitaji kwenda TBS, shirika la viwango, kusajili na kuthibitisha ubora, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa mafunzo ya ufungashaji. Mtahitaji pia kuandika tarehe ya kusaga, kwa ukweli. Nendeni mkijua.

Dada yangu aliyeuliza swali, njoo uguse sinia. Imepoa, siyo? Nusu ya pili ya jibu lako ni kwamba nilikuwa nasubiri wale vijana wachoke kusimama mlangoni. Wawili waje mbele, mmoja ashike kinu na mwingine mchi. Nimeleta chupa moja tu.